Matairi ya gari la zamani lililobadilishwa: pima kwanza, nunua baadaye

Kila anayerithi Datsun ya babake au kulitoa Peugeot 504 lililolala shambani miaka mingi huja na maswali yale yale. Naweza kuvalisha rimu za 15? Za Vitz zitaingia? Mbona tairi linagusa fenda nikipinda kona? Na la mwisho, ambalo kwa kawaida huulizwa pesa zikishatoka mfukoni: nirudishe haya matairi au nikate fenda?

Mwongozo huu ni wa gari la zamani ambalo si la kiwandani tena: limeshushwa, limebadilishwa injini, limewekewa breki kubwa, au limevalishwa rimu ambazo hakuna anayekumbuka zilitoka wapi. Kama gari lako bado liko lilivyotoka kiwandani, nunua saizi iliyoandikwa kwenye kitabu chake ukalale. Kwa gari lililobadilishwa, kitabu kinakupa pa kuanzia tu. Majibu mengine utayapata kwa kupima gari lenyewe.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Futi ya chuma na rula ndefu iliyonyooka
- Chaki
- Jeki, stendi mbili za chuma na mawe ya kuzuia magurudumu
- Spana ya nati za magurudumu na tochi
- Donge la unga uliokandwa mgumu, kama wa chapati
- Kipima upepo chako mwenyewe, maana vile vya petroli stesheni vimeangushwa chini mara nyingi mno
- Daftari, na simu ya kupigia hesabu
- Mtu wa kukuzungushia usukani, na wengine wawili watatu wa kukaa ndani ya gari

Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi.

Hatua ya 1: Andika gari lilivyo leo

Kabla ya kuwaza matairi, orodhesha yote yaliyobadilishwa. Injini ni ipi? Springi zimekatwa au ni fupi za kununua? Difu (gia za ekseli inayoendesha magurudumu) ni ya kwake au ya gari jingine? Breki za mbele zimetoka wapi? Hili la breki huwanasa wengi. Ukiweka diski na kalipa (vyuma vinavyobana diski) za gari la kisasa, rimu ya inchi 13 huenda isipite juu yake tena, na hapo mjadala wa 13 au 14 umeisha kabla haujaanza.

Andika pia kazi ya gari. La kuendea kazini kila siku kupitia Jogoo Road halihitaji tairi sawa na linalotoka Jumapili moja moja kwenda kuonyeshwa Ngong Racecourse.

Hatua ya 2: Soma tairi na rimu ulizo nazo

Kwenye ubavu wa tairi la kisasa utaona kitu kama 185/60R14 82H. Upana ni milimita 185, urefu wa ubavu ni asilimia 60 ya upana huo, R ni radiali, na rimu ni ya inchi 14. Tutarudi kwa 82H.

Magari ya zamani yana maandishi tofauti. Ukiona 165R13 au 165SR13 bila asilimia yoyote, chukua ubavu kuwa takriban asilimia 80. Ukiona 5.60-13 au 5.60-15, kama kwenye Beetle za mwanzo, hilo ni tairi la zama za nyuzi za kupishana, kabla ya radiali kuenea. Usichanganye aina hizo mbili kwenye gari moja. Linaweza kukugeukia kwenye kona yenye maji bila onyo.

Kisha rimu. Unahitaji vitu vinne: kipenyo, upana, mpangilio wa boliti, na ofseti (umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na uso wake unaoshikana na habu), ambayo mara nyingi hugongwa nyuma ya rimu kama ET ikifuatwa na namba. Kwa rimu ya boliti nne, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalolitazama. Datsun 1600 ni 4×114.3. Ford Escort ya zamani ni 4×108. Peugeot 504 ni 4×140. Beetle za zamani ni 5×205, na zilizofuata ni 4×130. Vitz ni 4×100, kwa hiyo jibu la lile swali la rimu za Vitz kwenye Datsun ni hapana.

*Onyo:* fundi atakuambia anaweza kutoboa mashimo mapya kwenye rimu, au kuvutia boliti "kidogo tu" ili zishike. Mshukuru, uondoke.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kipenyo cha tairi zima

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa, na ni hesabu ya darasa la saba. Zidisha inchi za rimu kwa 25.4. Zidisha upana wa tairi kwa asilimia ya ubavu, kisha mara mbili, maana ubavu uko juu na chini. Jumlisha.

Chukua Datsun iliyozoea 165R13:
13 × 25.4 = 330.2
165 × 0.80 × 2 = 264
Jumla: milimita 594

Sasa linganisha na saizi ambazo watu hupenda kuweka:

- 185/70R13: 589, pungufu kwa chini ya asilimia 1
- 175/70R13: 575, pungufu kwa asilimia 3
- 195/60R14: 590, karibu sawa
- 185/60R14: 578, pungufu kwa karibu asilimia 3
- 195/55R15: 595 na nusu, karibu sawa kabisa
- 195/50R15: 576, pungufu kwa asilimia 3

Kaa ndani ya asilimia 3, juu au chini. Ukishuka zaidi ya hapo, injini itazunguka kwa kasi zaidi barabara kuu, spidomita itakuonyesha mwendo usio wako, na gari litakaribia lami. Tairi la 576 badala ya 594 linakushusha milimita 9. Zinaonekana chache, lakini kwa gari ambalo tayari limekatwa springi, hizo ndizo zinazoamua kama sampu ya oili itapita juu ya tuta la estate yenu.

Kwa 504 iliyozoea 175R14, ambayo ni kama milimita 636, hesabu inaleta habari njema. 195/65R15 ni 634 na nusu, na hilo ni tairi la Premio, lipo kila duka. Kazi inabaki kupata rimu ya 15 yenye 4×140, na hiyo si kazi ya asubuhi moja.

Gari likiwa na difu ya gari jingine, hesabu ya spidomita ilishaharibika zamani. Lipime kwa simu yenye GPS ujue ukweli wake kabla ya kulaumu matairi.

Hatua ya 4: Pima nafasi iliyopo ndani ya fenda

Hesabu inakuambia tairi linafaa kwa mwendo. Haikuambii kama linaingia. Hatua hii usiiruke hata kama muuzaji ameapa kwamba "hii imewekwa kwa Datsun nyingi."

Anza mbele. Geuza usukani hadi mwisho upande mmoja, chungulia kwa tochi: tairi liko karibu na nini? Geuza upande wa pili. Pima mpaka kwenye shokabsoba, mpaka kwenye vyuma vya usukani, mpaka ukingo wa fenda. Kisha bandika vidonge vya unga sehemu zote unazozishuku, waingize wenzako ndani ya gari, toka taratibu ulipande tuta moja huku ukipinda. Rudi uone palipobonyezwa. Unga uliobaki milimita 3 unakuambia kwamba kwenye shimo la kweli, gari likiwa limejaa, tairi litakula chuma.

Nyuma, tatizo la magari haya ni mdomo wa fenda uliokunjwa kwa ndani. Tairi haliugusi likisimama. Linaugusa ekseli inapopanda upande mmoja, na hapo linakatwa ubavu kama kwa kisu. Mdomo huo unaweza kukunjwa ulale bapa ili upate nafasi, lakini rangi ya zamani hupasuka fundi asipoipasha moto kwanza.

Sasa ofseti, ambayo wengi huiogopa bure. Ukitoka rimu ya inchi 5 kwenda ya inchi 6 zenye ET ile ile, unaongeza milimita 12.7 kwa nje na 12.7 kwa ndani. Ukipunguza ET kwa 10, rimu nzima inatoka nje milimita 10: sasa umeongeza 22.7 nje na 2.7 tu ndani. Namba ya ET ikipanda, rimu inaingia ndani. Magari mengi ya kisasa yanayovutwa na magurudumu ya mbele yana ET ya 35 hadi 45, na magari yetu ya zamani yako chini sana ya hapo. Ndiyo maana rimu ya gari jipya, hata boliti zikikubali, huenda kugonga shokabsoba.

Acha angalau milimita 10 pembeni, na zaidi ya hapo juu ya tairi. Kama huzipati, tairi ni pana mno kwa gari lako.

*Onyo:* spaisa (bamba la kati ya rimu na habu) nyembamba ya kuazima milimita 5 inaweza kukutoa kwenye shida, mradi boliti bado zinashika nati mizunguko ya kutosha. Spaisa nene zinazoning'inia kwenye boliti fupi za kiwandani ndizo zinazofanya gurudumu likupite ukiwa Southern Bypass.

Hatua ya 5: Oanisha upana wa tairi na wa rimu

195/50R15 inataka rimu ya inchi 5.5 hadi 7. 185/60R14 inataka 5 hadi 6.5. Mtindo wa kuvuta tairi jembamba juu ya rimu pana unapendeza kwenye picha. Kwenye mashimo ya Nairobi rimu inabaki bila kinga, na ukingo wa tairi unaweza kuachia upepo wote mara moja. Kosa la upande wa pili ni tairi pana kwenye rimu ya zamani ya inchi 4.5: ubavu unavimba, gari linayumba.

Hatua ya 6: Uzito na mwendo

Ile 82H: namba ni uzito ambao tairi moja linabeba, herufi ni mwendo wa juu. 82 ni kilo 475, 84 ni 500, 88 ni 560, 91 ni 615. S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210, V ni 240. Usishuke chini ya alichoandika mtengenezaji, na kama umeongeza injini nzito au gari ni pikapu inayobeba mzigo kweli, panda. Pikapu ya 504 inataka matairi yenye C mwishoni mwa saizi, yaani ya magari ya mizigo. Ya gari la saluni yatabeba wiki chache, kisha utayaona yamevimba ubavu.

Hatua ya 7: Amua tairi la aina gani

Maoni yangu, na unaweza kuyakataa: kwa gari la zamani linaloishi Nairobi, ubavu wa 60 au 70 unashinda wa 50 karibu kila mara. Shokabsoba za miaka ya sabini zilitengenezwa zikitegemea tairi lifanye sehemu ya kazi. Datsun zilizoshinda Safari Rally, 1600 SSS mwaka 1970 na 240Z mwaka 1971, zilipita barabara mbaya kuliko yoyote utakayopita wewe, na hazikuvaa ubavu mwembamba. Na kwa macho pia, fenda ya duara ya gari la zamani inataka mpira ndani yake.

Kama hakuna pawa ya usukani, kila milimita ya upana utailipa kwa mabega ukitafuta pa kuegesha mjini. Kwa magari mengi mepesi ya umri huu, 185 inatosha, 195 ndiyo mwisho.

Matairi laini ya mashindano yana raha yake, ila mengi yana mikato michache ya kutoa maji. Mvua za Machi hadi Mei zitakufundisha hilo kwenye Waiyaki Way. Yaweke kwenye seti ya pili ya rimu.

Halafu jiulize swali la Jumapili: nikipasukiwa Nakuru au Mtito Andei, saizi hii nitaipata? Zamani 13 ilikuwa rahisi. Matairi ya Yana yalikuwa yakitengenezwa hapa hapa Nairobi hadi kiwanda kilipofungwa 2016. Siku hizi 14 na 15 ndizo zinazofuata magari ya Japani yaliyojaa barabarani, na kwenye 13 utakuta zaidi matairi ya magari madogo na ya mizigo. Saizi ya ajabu uliyoagiza kutoka Uingereza ikipasuka moja, utasimamisha gari mwezi mzima.

Hatua ya 8: Nenda dukani

Kirinyaga Road na Industrial Area ndiko wengi huanzia. Zunguka maduka kadhaa kabla ya kutaja pesa, na uliza bei ikiwa pamoja na kufunga, balansi na valvu mpya.

Kitu cha kwanza kutazama ni tarehe. Tafuta neno DOT ubavuni, na mwisho wake tarakimu nne. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tarakimu tatu tu, tairi ni la kabla ya 2000, liache lilipo hata kama linang'aa. Tarehe hii ni muhimu kwako kuliko kwa mwenye Fielder, kwa sababu saizi za magari ya zamani haziuziki haraka. Zinakaa rafuni miaka, zinaitwa "mpya" kwa kuwa hazijawahi kuguswa na lami. Binafsi silipi bei ya tairi jipya kwa lililozidi miaka mitatu, na lililozidi sita silichukui hata kwa kubembelezwa. Tarakimu hizo huandikwa upande mmoja tu kwa mengi, kwa hiyo ligeuze.

Mitumba ni biashara yako na roho yako. Ukilazimika, tazama ndani kwa tochi kama kuna viraka, pinda ubavu uone nyufa, na ufute ile rangi nyeusi ya kung'arisha kwa kitambaa kwanza. Kagua pia kama mikato imechongwa upya kwa kisu cha moto: utaona mfereji umeenda chini kuliko alama ndogo za TWI za kuonyesha tairi limeisha, ambazo zinasimama kwenye milimita 1.6.

Nunua manne yanayofanana. Bajeti ikikataa, mawili yanayofanana kwenye ekseli moja, na yaliyo mapya zaidi yaende nyuma.

Hatua ya 9: Kufunga

Rimu za chuma za zamani zisuguliwe kutu kwenye midomo yake kabla ya tairi kuingia. Rimu za waya zinataka tyubu, na nyingi za zamani zilizotengenezwa kabla ya matairi yasiyo na tyubu pia zinataka. Omba tyubu ya radiali ya saizi yako. Ile ya "itaingia tu" itajikunja ndani na kupasuka.

Mashine ya balansi huishika rimu katikati. Rimu ya Beetle ya 5×205 ina tundu kubwa mno kwa koni za kawaida, kwa hiyo uliza kama wana kifaa chake kabla ya kushusha magurudumu.

Hakikisha nati zinalingana na rimu. Rimu nyingi za aloi za zamani hutaka nati yenye shingo iliyonyooka na washa bapa, si ile ya koni. Kaza kwa mkono kwa mpangilio wa msalaba, si kwa bunduki ya upepo pekee, na ukaze tena baada ya kilomita 80 hivi. Malizia kwa alaimenti, hasa kama gari limeshushwa.

Hatua ya 10: Upepo

Anza na 28 au 30 psi matairi yakiwa baridi, kisha uache chaki iamue. Chora mstari wa kukata uso wa tairi, endesha mita mia mbili moja kwa moja kwenye lami kavu. Ukifutika katikati tu, punguza 2. Ukifutika pembeni tu, ongeza 2. Chaki ni ya gari tupu. Ukijaza watu na mizigo, ongeza.

Ukishuka Mombasa, pima upya asubuhi. Nairobi iko juu sana, hewa ya nje ni nyepesi, na upepo ule ule ukipimwa usawa wa bahari unaweza kusoma psi 2 hadi 3 pungufu. Joto la pwani hurudisha sehemu yake. Usikisie, pima.

Shida zinazojitokeza baadaye

*Usukani unatetemeka kuanzia 80.* Balansi kwanza. Isipokoma, angalia kama tundu la katikati la rimu ni kubwa kuliko habu. Ringi ya kujaza nafasi hiyo huponya. Ikibaki, ni bushi na bolojointi, na matairi hayana hatia.

*Linagusa wakati wa kurudi nyuma tu huku umepinda.* Bushi za mbele zimechoka, gurudumu linasogea. Badilisha bushi kabla ya kukata fenda.

*Linafuata mifereji ya malori kwenye Mombasa Road.* Matairi ni mapana kuliko usukani wake ulivyozoea. Alaimenti na kurekebisha upepo kwa psi 2 hupunguza, hazimalizi.

*Tairi linaisha upande wa ndani.* Gari limeshushwa na magurudumu yamelala. Alaimenti ya kugeuza fimbo za usukani pekee haitoshi. Tafuta fundi anayeweza kurekebisha kulala kwenyewe.

*Upepo unapungua kila wiki bila pancha.* Kutu kwenye midomo ya rimu, au aloi ya zamani yenye vinyweleo. Weka maji ya sabuni uone vipovu.

*Spea.* Hii haijitokezi mpaka usiku, mvua ikinyesha. Ukiwa nyumbani, ifunge gurudumu la mbele na uone kama inapita juu ya kalipa mpya na kama nati zako za aloi zinaishika rimu ya chuma. Zisipoishika, beba seti ya nati za zamani ndani ya mfuko, uzifunge kwenye spea yenyewe kwa waya.